Kurasa Zisizo na Mwenyewe: Historia ya Wiki na Watu Walioipanga

Tarehe 25 Machi 1995, mtaalamu wa programu za kompyuta aitwaye Ward Cunningham, mkazi wa Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, alizindua kwenye intaneti tovuti ambayo mgeni yeyote aliruhusiwa kuiandika upya. Hapakuwa na nywila, wala fomu ya kujiandikisha, wala mhariri wa kupitisha maandishi. Chini ya kila ukurasa palikuwa na kiungo cha kuhariri. Ukikibofya, maandishi yote yalifunguka ndani ya kisanduku. Ukafuta, ukaongeza, ukahifadhi, na papo hapo ulichoandika kikasomeka duniani kote.

Historia ya uvumbuzi huo husimuliwa zaidi kwa upande wa uhuru wake, na uhuru ulikuwa mkubwa kweli. Lakini mlango ukiachwa wazi kwa kila mtu, kinachoingia kwanza ni rundo. Wiki isingedumu hata mwaka kama wageni wake wangeandika tu. Imedumu kwa sababu watu wasiojuana, wasio na mkubwa wa kuwapa amri, walijifunza kuunganisha kurasa, kuzigawa, kuzipa majina yanayoeleweka na kuziweka mahali ambapo msomaji atazipata. Kazi hiyo haina umaarufu, lakini ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu kilichofuata, kuanzia tovuti ndogo ya Portland hadi Wikipedia ya Kiswahili.

Kutoka kadi hadi kurasa

Mizizi ya wiki iko katika miaka ya 1980, Cunningham alipokuwa akifanya kazi Tektronix, kampuni ya vifaa vya kupimia umeme iliyo karibu na Portland. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, programu iliyomwezesha mtu kutengeneza kadi kwenye skrini na kuziunganisha. Cunningham aliitumia kufuatilia namna fikra zinavyosafiri miongoni mwa wafanyakazi. Aliweka kadi za mawazo, kadi za watu wenye mawazo hayo, na kadi za miradi waliyokutania. Jina la kadi nyingine likiandikwa, ungeweza kubonyeza na kufika huko. Kama kadi hiyo haikuwepo, kompyuta ililia. Ukiendelea kushikilia kitufe, kadi mpya ilizaliwa. Katika jambo hilo dogo mlikuwa na wiki nzima, ila ilikaa ndani ya kompyuta moja.

Chanzo cha pili kilikuwa kitabu cha usanifu majengo. Mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake walichapisha A Pattern Language, kitabu chenye ruwaza 253 za ujenzi, kuanzia mpangilio wa miji hadi vitu vidogo vya ndani ya nyumba. Kila ruwaza ilianza kwa kutaja ruwaza kubwa zaidi inazozitegemea, ikaisha kwa kutaja ndogo zinazoikamilisha. Msomaji hakulazimika kwenda ukurasa kwa ukurasa. Aliweza kufuata njia yake mwenyewe. Mwaka 1987 Cunningham na mwenzake Kent Beck walilipeleka wazo hilo kwa waandishi wa programu, na likapata wafuasi. Agosti 1994 wafuasi hao walifanya mkutano wao wa kwanza huko Illinois, wakahitaji mahali pa kuhifadhi ruwaza zao. Cunningham alijitolea kuwajengea hazina hiyo, kisha akaona njia nyepesi zaidi: badala ya mtu mmoja kupokea maandishi ya wenzake na kuyaweka mwenyewe, kila mwenye neno aliandike palepale.

Programu aliyoiandika kwa lugha ya Perl ilikuwa fupi. Jina alilitoa Hawaii, kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu linaloitwa Wiki Wiki, yaani haraka haraka. Tovuti ikaitwa WikiWikiWeb.

Alama ya kuuliza

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mwandishi wa mwaka 1995 hakuhitaji kujua lugha ya kutengenezea tovuti. Akitaka kuunganisha ukurasa wake na mwingine, aliandika maneno mawili au zaidi yaliyobanwa pamoja, kila neno likianza kwa herufi kubwa, kama WikiWikiWeb. Programu ililitambua neno la namna hiyo na kuligeuza kiungo. Ukurasa husika ukiwepo, kiungo kilimpeleka msomaji. Usipokuwepo, mbele ya neno ilitokea alama ya kuuliza.

Alama hiyo ndiyo sehemu ya wiki ninayoiheshimu kuliko zote. Katika kitabu cha kawaida, jambo ambalo halijaandikwa halionekani. Msomaji hawezi kujua kwamba limekosekana. Hapa pengo lilipewa jina na mahali, likawekwa mbele ya kila mtu. Aliyeijua habari hiyo alibofya alama, ukurasa mtupu ukafunguka, akaanza kuandika. Na kwa kuwa ukurasa mpya ulizaliwa kutoka ndani ya ukurasa mwingine, ulizaliwa tayari una ndugu.

Zana za kupanga zilikuwa chache. Palikuwa na ukurasa wa mabadiliko ya karibuni, ulioorodhesha kila kilichoguswa na siku kilipoguswa. Wenyeji waliufungua kila siku, na kwa njia hiyo macho ya wengi yalipita juu ya kila badiliko. Palikuwa pia na utafutaji: ukibofya kichwa cha ukurasa, ulipata orodha ya kurasa zote zinazoutaja. Kutokana na zana hiyo ya pili watumiaji walibuni jamii, yaani makundi ya kurasa za aina moja. Hakuna aliyewatengenezea mfumo. Walikubaliana tu kwamba ukurasa unaohusu kitabu uandikwe mwishoni neno CategoryBook; ukibofya kichwa cha ukurasa wenye jina hilo, vitabu vyote vinajipanga mbele yako. Jamii zilipokuwa nyingi, wakaanzisha na jamii ya jamii zenyewe.

Ugumu ulikuja kwa upande mwingine. Watu walipoanza kujibizana ndani ya kurasa, kila mmoja akitia saini chini ya hoja yake, kurasa zilirefuka hadi mgeni akashindwa kujua kipi kilikubaliwa. Basi wakatokea waliojipa kazi ya kufupisha: kusoma mabishano yote, kuchambua hoja, na kuandika upya maelezo yanayosomeka kwa mtiririko mmoja, bila majina. Kazi hiyo ilidai uaminifu mkubwa. Aliyeshindwa katika mjadala alipaswa kuona hoja yake imeelezwa kwa haki, la sivyo angeurudisha ugomvi asubuhi ya pili.

Uaminifu huo ulipata mtihani wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tovuti ilijaa mijadala ya njia mpya ya kuandika programu iliyosimamiwa na Kent Beck na wenzake, na pia mijadala kuhusu wiki yenyewe. Mwaka 2000 watumiaji wachache, kila mmoja kwa nafasi yake, walianza kufuta kwa wingi maandishi waliyoyaona kuwa mzigo. Wengine walikasirika, wakarudisha yaliyofutwa. Swali lililoibuka siku zile halijazeeka hadi leo: nani ana haki ya kuamua kwamba ukurasa umezidi? Sehemu ya jibu ilipatikana kwa kugawana makao. Mwaka huohuo Sunir Shah alianzisha MeatballWiki, mahali pa kujadili jinsi jumuiya za mtandaoni zinavyoishi, ili kila mjadala uwe na nyumba yake.

Kamusi iliyoshindwa kujaa

Wakati huo Jimmy Wales, mmoja wa wenye kampuni ya Bomis, alikuwa na ndoto ya kamusi elezo huru isiyouzwa. Machi 2000 alianzisha Nupedia, akamwajiri Larry Sanger, mwanafalsafa, awe mhariri mkuu. Nupedia iliwategemea wataalamu, na kila makala ilipitia hatua saba za ukaguzi. Nia ilikuwa njema, lakini hatua zilikuwa nzito. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika 30.

Tarehe 2 Januari 2001 Sanger alikula chakula cha jioni huko San Diego na Ben Kovitz, mtaalamu wa programu aliyekuwa mwenyeji wa tovuti ya Cunningham. Kovitz alimweleza wiki ni nini. Sanger alikwenda kwa Wales na wazo hilo, na tarehe 15 Januari 2001 Wikipedia ikafunguliwa ikitumia UseModWiki, programu iliyoandikwa na Clifford Adams. Ilikusudiwa kuwa mahali pa kukusanya rasimu za Nupedia. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na makala karibu 20,000.

Waliozoea kamusi za kuchapwa waliuliza itakuwaje kazi ya umati isiwe vurugu. Jibu liliwekwa kwenye kanuni chache. Makala ieleze pande zote bila kuegemea upande. Habari itokane na vyanzo vinavyoweza kuthibitishwa. Mabishano yahamie kwenye ukurasa wa majadiliano ulioambatana na kila makala, ili makala yenyewe ibaki maelezo. Kwa kanuni hiyo ya tatu, Wikipedia iliutatua kwa muundo ule ugumu uliowasumbua wenyeji wa Portland: kila ukurasa ukapata pacha wa kubishania.

Majina, vichwa na jamii

Majina yalileta shida tangu siku za kwanza za Wikipedia. Maneno yaliyobanwa pamoja yaliwafaa waandishi wa programu, lakini kamusi elezo haiwezi kumwita kila mtu, mto na nchi kwa mtindo huo. Mwanzoni mwa 2001 Adams aliongeza njia mpya: jina lolote likiwekwa ndani ya mabano mawili ya mraba linakuwa kiungo. Tangu hapo makala iliweza kuitwa kwa jina lake la kawaida.

Swali la pili lilikuwa la ngazi. Taarifa nyingi za nchi ziliingizwa mapema kutoka kitabu cha takwimu cha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zikapangwa kwa mkwaju: nchi, kisha historia yake, kisha jiografia yake, kila moja ikiwa ukurasa mdogo chini ya mkubwa. Sanger aliandika kupinga mpangilio huo. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu maarifa hayakai kwenye ngazi moja. Historia ya Algeria ni sehemu ya Algeria, na pia ni sehemu ya historia ya Ufaransa, ya Waosmani na ya Sahara. Ukiifungia chini ya mzazi mmoja, umewanyima wengine mtoto wao. Kurasa ndogo ziliachwa katika makala, na kila mada ikasimama peke yake, ikiunganishwa na nyingine kwa viungo.

Programu yenyewe iliandikwa upya mara mbili. Januari 2002 ilianza kutumika ile ya Magnus Manske, mwanafunzi wa Ujerumani, na Julai mwaka huo ikaja ya Lee Daniel Crocker, msingi wa ile inayoitwa leo MediaWiki. Baadaye alama ya kuuliza ilipisha rangi: kiungo cha ukurasa usiokuwepo kikawa chekundu. Kila badiliko lilihifadhiwa katika historia ya ukurasa, na hilo liliwapa watu ujasiri wa kupanga, maana aliyekosea kuunganisha kurasa mbili au kufuta aya aliweza kurudishwa nyuma kwa mbofyo mmoja.

Zikafuata zana nyingine. Ukurasa wa kuelekeza humpeleka msomaji aliyeandika jina la zamani au tahajia nyingine kwenye makala sahihi. Ukurasa wa maana huwatenganisha wanaoshiriki jina, ili anayeutafuta mji wa Moshi asiangukie kwenye makala ya moshi wa moto. Mei 2004 MediaWiki ilipata jamii rasmi pamoja na vigezo. Kilichokuwa makubaliano ya wenyeji wa Portland, neno linaloandikwa mwishoni mwa ukurasa, sasa kikawa sehemu ya mashine: mwandishi anaitaja jamii chini ya makala, na orodha inajijenga yenyewe. Vigezo navyo viliruhusu maandishi ya aina moja, kama jedwali la nchi au tangazo kwamba makala bado ni mbegu, yaani fupi na inangoja kukuzwa, yaandikwe mahali pamoja na kuonekana kwenye maelfu ya kurasa.

Tarehe 1 Machi 2006 Wikipedia ya Kiingereza ilifikisha makala milioni moja. Bila viungo, majina na jamii, milioni hiyo ingekuwa ghala lisilo na rafu.

Kiswahili kinaingia

Wasemaji wa Kiswahili hawakuchelewa kwenye kazi ya pamoja mtandaoni. Mwaka 1994, kabla tovuti ya Cunningham haijafunguliwa, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyokusanywa kupitia intaneti kwa michango ya watu wa nchi mbalimbali.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa waliojitokeza mapema kuitetea ni Ndesanjo Macha, mwandishi wa Tanzania, aliyewahimiza wenzake waandike kwa lugha yao badala ya kungoja tafsiri. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi. Kurasa nyingi ziliingia kwa muda mfupi. Leo makala za Kiswahili ni maelfu mengi.

Hapa ndipo somo la Portland linapotuhusu moja kwa moja. Ukurasa mpya ukiingia bila kiungo kinachouelekea, hakuna msomaji atakayeufikia ila aliyelijua jina lake kamili. Ukikosa jamii, hautaonekana pamoja na ndugu zake. Mwandishi mmoja akiita makala yake kwa jina la mahali na mwingine akatumia tahajia tofauti, tunapata makala mbili nusunusu badala ya moja kamili. Kazi ya kurekebisha hayo huangukia mikono ya wachache wanaojitolea, na wengi wao wana shughuli nyingine za kuwapatia riziki. Kupanda huchukua asubuhi moja, palizi ni msimu mzima; ndivyo ilivyo kwa shamba hili pia.

Lugha zenye wahariri wachache ziliumizwa zaidi na kasoro moja ya mpangilio wa zamani. Hadi mwaka 2013, kila makala ilibeba chini yake orodha ya makala za mada ileile katika lugha nyingine. Makala iliyokuwepo katika lugha 50 ilihitaji viungo 49 katika kila moja, yaani viungo 2,450 kwa mada moja tu. Jina likibadilika mahali pamoja, kwingine kote palipaswa kusahihishwa. Oktoba 2012 ilizinduliwa Wikidata, hazina ya pamoja ambamo kila mada ina namba yake, na chini ya namba hiyo yapo majina yake katika lugha zote. Wahungaria walitangulia kuitumia kwa viungo hivyo Januari 2013, na kufikia Machi mwaka huohuo Wikipedia za lugha zote zilikuwa zimeunganishwa. Tangu hapo mwandishi wa makala mpya kwa Kiswahili huiunganisha mara moja tu, na makala yake hupata njia ya kwenda na kurudi katika kila lugha iliyo na mada hiyo.

Deni letu

Tovuti ya kwanza ya Cunningham haihaririwi tena. Tangu 2015 imebaki ya kusomwa tu. Mwenyewe aliendelea na utafiti, na kuanzia 2011 amejenga wiki ya aina nyingine ambamo kila mtu ana nakala yake na huchota kurasa kutoka kwa jirani. Alichoanzisha kimeenea kwenye viwanda, hospitali, vyuo na majeshi, popote ambapo watu wengi wanahitaji kuandika kitu kimoja.

Katika miaka hiyo yote mambo hayakwenda kwa amri. Jamii zilibuniwa na watumiaji, mashine ikazifuata. Kurasa ndogo ziliachwa baada ya kubishaniwa. Majadiliano yalihamishwa ili makala ipumue. Kila hatua ilitokana na mtu aliyesoma kazi ya wengine kwa makini, akaona mahali pa kuunganisha, na akaifanya kazi hiyo akijua kwamba jina lake halitaandikwa juu ya ukurasa.

Tunaposifu wingi wa makala zetu, tuwahesabu na hao. Walimu wanaowafundisha vijana kuandika kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili wawafundishe pia kutafuta kwanza kama makala ipo, kuweka viungo vya kwenda na vya kuja, kuchagua jamii, kuunganisha makala pacha na kutaja chanzo. Kijana aliyetumia jioni nzima kuunganisha makala tatu dhaifu zikawa moja imara hajaongeza hata namba moja kwenye takwimu, na pengine amezipunguza kwa mbili. Lakini amempa msomaji wa Kigoma au Lamu kitu anachoweza kukipata, kukielewa na kukiamini. Kazi hiyo nayo ni uandishi, na inastahili kuheshimiwa kama uandishi.